Nusa kwanza: espreso ya nyumbani mjini Bukavu

Kwa miezi minne ya kwanza niliilaumu mashine. Kahawa ikitoka chachu, nilisema mashine ni mbovu. Ikitoka chungu kama dawa ya mitishamba, nilisema hivyo hivyo. Na asubuhi ile ilipotoka ikinuka kiazi kibichi, kana kwamba mtu amemenya viazi juu ya kikombe, niliirudisha katika boksi lake na kumwambia mume wangu kwamba tumetupa fedha ziwani. Leo ninaandika nikiwa na kikombe kidogo mezani, kilichotoka katika mashine ile ile. Wanaonitembelea huniuliza kuhusu mashine, ni ya aina gani na ilitoka wapi, ilhali karibu kila kosa lililoniharibia kahawa lilikuwa nje yake: katika kisagio, katika umeme wa mtaa wetu, katika maziwa, na zaidi ya yote katika punje za buni zenyewe.

Mashine yetu ni ya kawaida. Ina tangi moja dogo la kuchemshia maji, pampu inayotetema, bomba la mvuke upande wa kulia, na chujio la chuma lenye mpini ambalo hupachikwa chini ya kichwa cha mashine kwa kulizungusha mpaka likaze. Inakula wati 1,350. Tuliinunua kwa jamaa aliyerudi kutoka Ubelgiji, na boksi lake limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba pampu ina shinikizo la bari 15, namba iliyonivutia sana siku ya kwanza. Sasa najua kwamba hizo 15 ni kikomo cha pampu wakati maji hayana pa kupita, na kwamba espreso yenyewe inahitaji takriban bari 9, yaani kama mara nne ya upepo uliomo katika gurudumu la gari dogo.

Shinikizo hilo ndilo linaloitenga espreso na kahawa nyingine zote. Luigi Bezzera wa Milano alipoiandikisha mashine yake mwaka 1901, maji yalisukumwa na mvuke peke yake, na mvuke ule haukufika hata bari mbili. Kahawa ilitoka upesi, kikombe kimoja kwa mteja mmoja, lakini juu yake hapakuwa na lile povu zito la rangi ya asali tunaloliita krema. Povu hilo lilikuja na Achille Gaggia, naye wa Milano, ambaye baada ya Vita Kuu ya Pili alieneza mashine za mpini na springi. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ikatoa mashine ya E61, ambamo pampu ya umeme ilichukua kazi ya mkono, na pampu ndogo inayonguruma jikoni kwangu ni mjukuu wa wazo hilo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua kahawa iliyokwisha kusagwa. Niliijaza katika chujio, nikabonyeza, na baada ya sekunde nane kikombe kilikuwa kimejaa maji ya kahawia yenye uchachu wa limau bovu. Nikajaribu kinu cha kutwangia. Kinu hutoa vumbi na vipande pamoja, na maji hayana subira: yakikuta vumbi yanalikamua mpaka uchungu, yakikuta kipande yanakipita bila kukigusa, kwa hiyo kikombe kimoja kikawa chungu na chachu kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimeweka fedha zote katika mashine na sikubakiza kitu kwa kisagio, na kama ningerudi nyuma ningefanya kinyume kabisa: kisagio kizuri kwanza, mashine ya bei ya chini baadaye. Kisagio nilichonunua hatimaye ni cha mkono, chenye meno ya chuma yenye umbo la pia, na pete ya kurekebishia iliyochongwa alama ndogondogo. Alama moja tu ya pete hiyo hubadilisha muda wa kahawa kwa sekunde tatu au nne. Kusaga gramu 18 kunanichukua karibu dakika moja na nusu, mkono wa kushoto ukishikilia kisagio kifuani, mkono wa kulia ukizungusha, na unasikia wazi punje za mwisho zinapokwisha kwa sababu mpini unakuwa mwepesi ghafla.

Baada ya kisagio, mizani. Hapa Bukavu tuna bahati ambayo wapenzi wa kahawa wa miji mingine hawanayo: mizani ya mfukoni inayotumiwa na wanunuzi wa dhahabu hupatikana mjini bila shida, na inapima hadi sehemu ya mia moja ya gramu. Kipimo ninachoanzia ni gramu 18 za unga mkavu na gramu 36 za kahawa ndani ya kikombe, kwa sekunde 25 hadi 30 tangu kubonyeza. Ikitoka kabla ya hapo na ina uchachu, nasaga laini zaidi. Ikichelewa na ni chungu, nasaga kwa ukubwa zaidi. Jambo la kuheshimu ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mimi ni mwalimu wa kemia, nimewakumbusha wanafunzi wangu kanuni hiyo kwa miaka mingi, na bado jikoni nilikuwa nikigeuza pete, kuongeza kahawa na kushindilia kwa nguvu zaidi yote asubuhi moja, kisha nikishangaa kwamba sielewi kilichotokea.

Kuhusu kushindilia, nguvu si muhimu kama usawa. Unga ukiwa umeinama upande mmoja au una mabonge ndani, maji yatapata mfereji mwembamba na kupita hapo, na ukitazama chini ya chujio utaona mchirizi mweupe ukiruka pembeni huku sehemu nyingine bado ni nyeusi na nzito. Mimi huchochea unga kwa sindano nyembamba ya kushonea iliyochomekwa katika kizibo cha chupa, nikizunguka kutoka chini kwenda juu mpaka mabonge yaishe, halafu nashindilia mara moja, wima.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote, pengine kwa sababu ya kazi yangu, ni urefu wa mji wetu. Bukavu iko karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka karibu nyuzi 95. Maelekezo karibu yote ya kahawa yameandikwa na watu wa nchi za chini, ambako maji huchemka nyuzi 100, ndiyo maana yanamwambia msomaji asubiri birika lipoe kidogo kabla ya kumimina. Hapa kwetu hakuna haja ya kusubiri. Maji yanayotokota ndiyo yaliyo tayari. Katika mashine mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa tangi limefungwa na maji ndani yake yanaweza kupita nyuzi 95 bila kuchemka, lakini yakishatoka hewani pasipo kahawa ya kuyazuia, yale yaliyozidi hugeuka mvuke papo hapo na kichwa cha mashine hutema na kufoka. Kwa hiyo kabla ya kupachika chujio ninaruhusu maji kidogo yapite bure huku nikisikiliza. Yanafoka, yanafoka, kisha yanatulia na kuwa uzi mmoja laini. Kwa mtu wa pwani, utulivu huo unamaanisha kwamba maji yameshuka hadi kama nyuzi 100, na bado ni moto mno. Kwa mtu wa Bukavu unamaanisha nyuzi 95, na espreso inataka kati ya 90 na 96. Nahesabu hadi tano, napachika chujio, nabonyeza. Sina kipimajoto ndani ya mashine, na tangu nijue jambo hili sijakitafuta.

Umeme ulinichelewesha kuliko kitu kingine. Kukatika si tatizo la ladha. Kuran, yaani umeme, ikikatika unajua, unakunywa chai ya makaa na kusubiri. Tatizo ni umeme uliopo lakini ni dhaifu. Kwa wiki nyingi niliona kwamba kahawa ya alfajiri ilikuwa tamu na ile ya saa moja jioni ilikuwa chachu, ingawa kahawa, kipimo na kisagio havikubadilika, na nilifikiri ni ulimi wangu uliochoka. Siku moja nilichomeka kipimo cha volti katika soketi: saa kumi na moja alfajiri kilionyesha 215, na jioni, wakati kila nyumba ya mtaa imewasha jiko, kilionyesha 160. Joto la kifaa cha kuchemshia halipungui sawasawa na volti, linapungua kwa mraba wake. Ukigawa 160 kwa 220 na kuzidisha jibu kwa lenyewe, unapata kama 0.53, mashine yangu ya wati 1,350 ilikuwa ikifanya kazi kama mashine ya wati 700 na kidogo, maji baridi yaliingia katika tangi upesi kuliko uwezo wake wa kuyapasha, na pampu nayo ilikuwa imelegea. Sasa tuna kifaa cha kusawazisha umeme, ambacho mjini kila mtu hukiita stabilizateri, na hata hivyo jioni naiacha mashine ipate moto kwa dakika 25 badala ya 15. Anayetegemea betri za sola na apime kwanza, kwa sababu kibadilishaji cha wati 1,000, kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi, hakitaibeba mashine kama hii hata kwa dakika moja.

Maji yenyewe nitayataja kwa ufupi: yachujwe, yasiwe na harufu ya klorini, na tangi lisafishwe chokaa kila baada ya miezi michache.

Maziwa yanastahili maneno zaidi. Late ni espreso moja juu ya maziwa mengi yaliyopigwa mvuke, na ubora wake uko katika povu laini lisiloonekana viputo, linalong'aa kama rangi ya mafuta iliyotoka kukorogwa. Maziwa ya ng'ombe wa Kabare na Walungu ni mazito na mazuri mno, lakini kwangu yalikataa kabisa kutoa povu; yalivimba, yakatoa viputo vikubwa, yakazama. Sababu niliikuta katika vitabu vyangu vya kazi. Maziwa mabichi yakitikiswa kwa muda mrefu, kama yanavyotikiswa ndani ya bidoni nyuma ya pikipiki kutoka kilimani hadi mjini, vitone vya mafuta hupasuka, na kimeng'enya kiitwacho lipasi kinayavunja mafuta hayo kuwa asidi zinazobomoa povu. Kuchemsha hukiua kimeng'enya hicho, na ni lazima kuchemsha kwa vyovyote kwa sababu ya magonjwa ya ng'ombe yanayoambukiza binadamu. Lakini yakichemshwa jioni, uharibifu umekwisha kufanyika. Nilikubaliana na mama anayetuletea maziwa kwamba anipe ya mkamuo wa asubuhi, mapema, na bidoni ijazwe mpaka shingoni ili yasichezecheze. Nayachemsha mara yanapofika, nayapoza katika sufuria ya maji, nayaweka mahali pa baridi. Tofauti ilionekana siku ile ile. Yanayobaki zaidi ya siku mbili tunayaacha yagande yawe mashanza, na hakuna anayelalamika.

Kupiga mvuke ni kazi ya sikio na kiganja. Najaza jagi la chuma chini ya nusu, nafungua mvuke kidogo ili maji yaliyobaki ndani ya bomba yatoke, kisha nazamisha ncha ya bomba chini kidogo tu ya uso wa maziwa, karibu na ukingo. Kwa sekunde tano au sita sauti inakuwa kama karatasi inayochanwa polepole; hiyo ndiyo hewa inayoingia. Jagi linapoanza kuwa vuguvugu nainua mkono, ncha inazama zaidi, mchano unanyamaza na maziwa yanaanza kuzunguka kama maji yanayoingia katika shimo, yakisaga viputo vyote. Kiganja kikishindwa kuendelea kulishika jagi, ni kama nyuzi 60, naacha. Zikipita 70 utamu wa maziwa unapotea na harufu ya maziwa yaliyoungua inafunika kahawa, hasara ambayo hakuna sukari inayoirudisha.

Yote haya niliyafikia kwa kujaribu. Lile la kiazi nisingelifikia peke yangu.

Baba mkwe wangu ni mkulima wa buni kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu. Ni miongoni mwa wazee wanaokumbuka miaka ambayo hapakuwa na mnunuzi wa maana upande wetu wa ziwa, na vijana walivuka usiku kwenda Rwanda na magunia ndani ya mitumbwi. Anawataja kwa majina wale ambao hawakurudi, na anapowataja hatuongei kitu kingine. Mambo yalianza kubadilika vyama vya ushirika vilipoundwa kando ya ziwa, kama SOPACDI ya Minova, ulioanza mwaka 2003, na baadaye vituo vya kuoshea kahawa vikajengwa, ambako mkulima hupeleka matunda mekundu siku ile ile ya kuchuma. Alipokuja kututembelea na kukuta boksi limefungwa, aliniuliza kuna nini ndani. Nilimweleza. Akaniambia niitoe nimtengenezee.

Nikasaga, nikashindilia, nikabonyeza, na kwa aibu yangu harufu ile ilijaa jikoni tena. Alikichukua kikombe, akakinusa bila kunywa, akakiweka chini taratibu.

«Mama, mashine haina kosa. Kahawa inaumwa.»

Aliniomba mfuko wa buni mbichi nilioutoa kwa mkaangaji wa mjini, akazimimina punje katika ungo na kuketi mlangoni penye mwanga. Vidole vyake vilikwenda haraka kuliko macho yangu. Alinionyesha punje yenye doa jeusi dogo kama ncha ya kalamu, nyingine yenye mistari kama ya pundamilia, nyingine nyepesi iliyosinyaa ubavuni. Akanieleza juu ya mdudu wa umbo la ngao, ambaye wataalamu humwita antestia, anayetoboa tunda likiwa bado juu ya mti ili anyonye maji yake. Kupitia tundu lile bakteria huingia, na ndani ya punje hutokea kemikali ya jamii ya pirazini, ndugu wa ile inayokipa kiazi kibichi harufu yake. Haimdhuru mnywaji, lakini pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno, na punje moja inatosha kuharibu kikombe kizima. Ugonjwa huu ni wa ukanda wetu wa Maziwa Makuu, Kivu, Rwanda na Burundi kwa namna ya pekee, na umewapunguzia wakulima wetu bei kwa miaka mingi, kwa sababu mnunuzi wa mbali hukutana na kikombe kimoja kibovu na kulihukumu gunia lote. Jambo hili linaniuma. Kahawa hii, ikiwa nzima, ina utamu wa asali na uchachu safi wa chungwa ambao sijauonja katika kahawa nyingine, na mtu aliyekutana na punje moja inayoumwa huenda asiijue kamwe.

Katika kilo moja alitoa punje 43. Nilizihesabu baada yake.

Alinionya pia kwamba kuchambua hakumalizi tatizo, kwa kuwa punje nyingine huumwa bila kuonyesha alama yoyote, na ikishakaangwa haitambuliki kabisa kwa macho. Hapo ndipo kisagio cha mkono kilipopata kazi nyingine. Punje iliyojificha hujitangaza mara inaposagwa, kabla maji hayajaigusa, kwa hiyo sasa baada ya kusaga ninausogeza unga puani na kunusa. Ukinukia karanga zilizokaangwa na matunda makavu, naendelea. Ukinukia kiazi, namwaga gramu zote 18, nasaga punje chache za kusafishia meno ya kisagio, nazimwaga nazo, naanza upya. Kwa wiki hunitokea mara moja, wakati mwingine hakuna. Gramu 18 zinauma kuzimwaga ukikumbuka migongo iliyozibeba hadi kituo cha kuoshea, lakini kuzipitisha katika mashine ni kupoteza pia maji, umeme na asubuhi.

Nikiwa bado kwenye mada ya kahawa yenyewe, niongeze kwamba buni iliyokaangwa jana haifai. Imejaa hewa ya kaboni dioksidi, povu linakuwa jingi na la uongo, na maji hayaushiki unga vizuri. Mimi huandika tarehe ya kukaanga juu ya mfuko na kusubiri siku kumi.

Baba mkwe alirudi mwezi Juni, mwishoni mwa mavuno, akashuka bandarini na mfuko wa kilo tano begani, uliokwisha kuchambuliwa na yeye mwenyewe na wajukuu wake wa Idjwi. Nilipeleka nusu kwa mkaangaji siku hiyo hiyo, na kwa kuwa alikuwa na shughuli za matibabu mjini, alikaa kwetu hadi siku kumi zilipotimia. Asubuhi hiyo aliamka kabla yangu. Nilimkuta ameketi jikoni, koti lake amelivaa tayari, anaitazama taa nyekundu ya mashine. Nilipima, nikasaga, nikachochea kwa sindano. Kabla sijashindilia alinyoosha mkono, nami nikampa chujio. Alilisogeza puani, akafumba macho, akalishikilia hapo kwa muda mrefu kuliko mimi ninavyofanya, kisha akalirudisha mkononi mwangu.

«Hii ni nzima, mama. Bonyeza.»